Kulala Manises: chumba kidogo kando ya uwanja wa ndege wa Valencia

Sanduku langu lilikuwa na gurudumu moja bovu, na usiku ule lilipiga kelele njia nzima. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Desemba 2022, saa 4 na nusu usiku, nami nilikuwa nikitembea peke yangu katika eneo la viwanda magharibi mwa jiji la Valencia, Hispania. Kushoto palikuwa na karakana ya matairi iliyokwisha kufungwa. Kulia, ukuta mrefu wa ghala. Nilizunguka kipilefti, nikapita malori matatu ambayo madereva wake walikuwa wamelala ndani, ndipo nikaliona jina la hoteli likiwaka juu ya paa la jengo la ghorofa nne. Nyuma yangu ndege ilikuwa inapaa. Nikasimama kuisikiliza mpaka ilipopotea, kisha nikaingia.

Kijana wa mapokezi aliinuka kunisalimu. Alichukua pasi yangu ya kusafiria, akanakili anachotakiwa kunakili, akanisogezea karatasi nitie saini, akanikabidhi kadi ya kufungulia mlango na kunionyesha saa za kifungua kinywa zilizobandikwa ukutani. Mambo yote hayo yalikwisha kwa dakika nne hivi. Nilipogeuka kwenda kwenye lifti akaniaga: "Hasta mañana." Sikuwa na Kihispania cha kumjibu, lakini neno lake la kwanza nilipanda nalo hadi ghorofa ya tatu, kwa sababu nililijua. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba hasta ya Wahispania imetokana na hatta ya Kiarabu, neno lilelile ambalo sisi tunalitamka hata. Hata kesho. Mtu nisiyemjua alikuwa ameniaga kwa neno la nyumbani.

Wasafiri wengi huzitaja hoteli za namna hii kama wanaoomba radhi: "Nililala tu kule uwanja wa ndege." Mimi sioni cha kuombea radhi. Baada ya kulala pale siku tatu, nina neno kwa msomaji anayepanga safari yake ya kwanza ya Ulaya kwa akiba aliyoidunduliza miaka: chumba kidogo chenye bei ya wazi ni malazi ya heshima, na mji unaokizunguka una watu, una kazi na una historia. Usiupite ukiwa umefumba macho.

Mbio zilizonileta

Marathoni ya Valencia ilianza mwaka 1981, na siku hizi hukimbiwa Jumapili ya kwanza ya Desemba. Jiji ni tambarare, bahari iko karibu, na asubuhi za Desemba zina ubaridi ambao wakimbiaji huupenda. Ndiyo maana wanariadha wa Afrika Mashariki wamekuwa wakija hapa kuvuna rekodi. Tarehe 6 Desemba 2020, katika asubuhi moja, Wakenya watatu waliondoka na mavuno yao: Kibiwott Kandie aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 32, Evans Chebet akashinda marathoni kwa saa 2:03:00, na Peres Jepchirchir akashinda upande wa wanawake kwa saa 2:17:16. Mwaka 2022 orodha ya watakaokimbia ilikuwa na jina la Mtanzania, Gabriel Geay, mwenye rekodi ya taifa ya saa 2:04:55 aliyoiweka Milan mwaka mmoja kabla. Nilitaka niwepo.

Wiki ya mbio, vitanda vya mjini hupanda bei kama vyakula vya futari mwezi wa Ramadhani. Vyumba vilivyo karibu na mstari wa kuanzia vilikuwa vimekwisha, na vilivyosalia vilidai fedha ambazo zingelipa sehemu kubwa ya nauli yangu. Kilomita kama 8 kutoka katikati ya jiji, mpakani mwa miji midogo ya Manises na Quart de Poblet, nilipata chumba kwa euro 52 kwa usiku.

Palikuwa na sababu nyingine ya kukiwahi. Anayeomba viza ya Schengen huulizwa atalala wapi, naye hutakiwa kuonyesha anwani ya malazi yake pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hoteli ya bei nafuu inayoruhusu kufuta nafasi bila gharama humwezesha mwombaji kupeleka karatasi za kweli ubalozini, bila kuzifungia fedha zake zote kabla hajajua jibu. Kwa wengi wetu safari ya Ulaya huanzia kwenye karatasi hiyo. Mimi anwani ya Manises niliikariri miezi miwili kabla sijauona mji wenyewe.

Vitu vichache, vilivyotimia

Chumba kilikuwa na urefu wa hatua tano na upana wa hatua tatu. Kitanda kilitandikwa shuka nyeupe zilizonyooka, na mito miwili. Meza ilikuwa imeshikizwa ukutani, kiti kilikuwa kimoja, na mahali pa kabati palikuwa na ndoano nne za kutundikia nguo. Chumba cha maji kilikuwa na bafu la mvua na taulo mbili. Hapakuwa na jokofu wala simu, wala vile vichupa vya manukato. Sabuni ya maji ilikuwa ndani ya chombo kilichofungwa ukutani. Dirisha lilikuwa la vioo viwili, na nilipolifunga, muungurumo wa ndege ulibaki nje. Maji ya moto yalikuja mara moja. Mlango ulijifunga kwa mlio mmoja mzito, wa kuaminika.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikavitazama vyote hivyo kwa jicho la mtu aliyezoea gesti za kwetu. Nimelala Mbezi, nimelala Makambako, nimelala Nzega na Kahama. Mgeni wa gesti hujua maswali ya kuuliza kabla hajatoa hela: Maji yapo? Neti ina matundu? Kitasa kinafunga? Zipo gesti zenye majibu mazuri kwa yote matatu, ambazo mhudumu wake hukuwekea kandambili mlangoni, hukuletea ndoo ya maji ya moto, na huacha kipande cha sabuni juu ya taulo iliyokunjwa vizuri. Ukarimu wa namna hiyo sikuukuta Hispania. Lakini ukitoka gesti moja kwenda nyingine, hujui utakachokikuta. Kampuni za hoteli zenye matawi mengi zinauza hasa ule uhakika: ulichokiacha jana mji ule, ndicho utakachokikuta leo mji huu.

Uhakika huo una historia yake. Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Paul Dubrule na Gérard Pélisson, walifungua hoteli yao ya kwanza ya Novotel huko Lesquin, karibu na uwanja wa ndege wa Lille. Ardhi ya nje ya mji ilikuwa rahisi, na mteja alikuwa anapita hapohapo kwa gari au kwa ndege. Mwaka 1974 wakafungua Ibis ya kwanza mjini Bordeaux, yenye bei ya chini zaidi. Kampuni yao, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuitwa Accor, ilipoanzisha Formule 1 mwaka 1985, walikwenda mbali zaidi: vyumba vilitengenezwa kiwandani na kupangwa kama matofali, choo na bafu vikawa vya pamoja, na mapokezi yakafungwa usiku huku mashine ikitoa namba ya kufungulia mlango. Waliuliza swali moja kwa kila kitu: je, mtu aliyechoka atakikosa kikiondolewa? Kama hatakikosa, kiliondolewa, na bei ikashuka. Kampuni nyingine za Ulaya zilifuata njia hiyo. Katika miaka ya 1990 Jumuiya ya Ulaya ilipolegeza masharti ya usafiri wa anga na tiketi za ndege zikaanza kuwa rahisi, wasafiri wa mfuko mdogo waliongezeka, na kando ya viwanja vya ndege vya Hispania zikasimama hoteli kama hii niliyolala.

Jambo moja halikuondolewa: daftari la wageni. Kwetu lina safu za jina, kabila, kazi, atokako na aendako, na askari anaweza kuja kulikagua. Hispania sheria inamtaka kila mgeni mwenye umri wa zaidi ya miaka 14 atie saini, na habari zake zipelekwe kwa vyombo vya usalama. Kijana wa mapokezi aliponisogezea ile karatasi, sikuhitaji mkalimani. Nilikuwa nimeijaza mara nyingi Makambako.

Fonda, funduq na Ibn Battuta

Wahispania wana neno la zamani la nyumba ya kawaida ya wageni yenye kitanda na chakula: fonda. Limetokana na funduq ya Kiarabu, na Waswahili waliokaa Oman au nchi nyingine za Ghuba wanalijua, kwa kuwa huko hoteli bado inaitwa hivyo. Mjini Granada limesimama jengo moja la aina hiyo, lililojengwa karne ya 14, ambalo leo linaitwa Corral del Carbón. Lina lango kubwa, ua wenye maji katikati, na vyumba vilivyouzunguka ua huo kwa ghorofa. Mizigo na wanyama walikaa chini, wafanyabiashara wakalala juu. Ukiyatazama mahitaji ya mgeni wa wakati ule, ni yaleyale ya kwangu: mlango unaofungika, maji, mahali pa mzigo, na mtu wa kujua kwamba umefika salama.

Msafiri mmoja aliyezifahamu sana nyumba za wageni alipita pwani yetu na akapita pia Hispania ya Waislamu. Ibn Battuta wa Tangier alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Karibu miaka 20 baadaye alivuka bahari kutoka Moroko akaingia Andalusia, na katika habari zake za Málaga alivisifia vyombo vya udongo vyenye rangi ya dhahabu, ambavyo alisema vilisafirishwa hadi nchi za mbali. Hakufika Valencia, iliyokuwa mikononi mwa Wakristo tangu 1238. Lakini ufundi ule ulifika. Mapema katika karne hiyohiyo ya 14, wafinyanzi Waislamu walikuwa wamekwisha kuupeleka kaskazini, katika kijiji kilichomilikiwa na ukoo wa Boïl. Kijiji hicho ni Manises. Chumba changu kilikuwa mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka hapo.

Mji ulio nyuma ya njia ya kurukia

Jumamosi sikupanda treni ya kwenda jijini. Saa 4 asubuhi nilivuka barabara na kuingia katika mgahawa uliokuwa unatazamana na hoteli, nikaukuta umejaa. Watu wa Valencia wana mlo wao wa katikati ya asubuhi, wanaouita esmorzar, na katika maeneo ya viwanda hauchezewi. Madereva wa malori, makuli wa maghala na mafundi wa karakana hukaa meza moja. Kwanza huja kisahani cha zeituni na karanga zenye maganda, kisha nusu ya mkate mrefu uliojazwa unachokitaka, na mwisho kahawa. Mimi niliomba wa tortilla, yaani mayai yaliyokaangwa pamoja na viazi. Mtu wa Dar es Salaam akiuonja ataulizia kachumbari, maana ni chipsi mayai yenyewe, tofauti ni kwamba imelazwa ndani ya mkate.

Mzee niliyekaa naye alikuwa na mikono myeusi kwa mpira wa matairi. Yeye hakujua lugha yangu, nami sikujua yake, lakini karanga hazihitaji lugha. Nilimweleza kwa ishara kwamba nimekuja kuwatazama wakimbiaji, na kwamba sanduku langu limevunjika gurudumu. Akacheka, akaonyesha karakana yake kwa kidole, ileile niliyoipita usiku. Nilikwenda kulileta sanduku. Alitafuta skrubu, akatia kipande cha mpira na mafuta kidogo, akalisukuma mara mbili sakafuni, akaridhika. Nilitoa pochi, akakunja uso na kunirudishia mkono.

Kisha nikaenda Manises kwa miguu. Uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1933 umekaa katika ardhi ya mji huu, na kwa miaka mingi watu waliuita kwa jina lake. Ukitokea upande wa viwanda unavuka barabara pana, unapita nyumba za ghorofa zenye nguo zilizoanikwa barazani, halafu mji unaanza kukuonyesha kazi yake. Majina ya mitaa yameandikwa juu ya vigae. Vipo vigae kwenye kuta za nyumba, kwenye mabenchi na kwenye sura za maduka, samawati na nyeupe, manjano na kijani. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza Manises katika mtandao wake wa miji ya ubunifu kwa ajili ya ufundi huu. Mji una chuo cha ufinyanzi chenye zaidi ya miaka 100 na jumba la makumbusho la vyombo vya udongo. Mwezi Julai, katika sikukuu ya watakatifu Justa na Rufina, walinzi wa wafinyanzi, hufanyika maandamano ambamo watu hugawiwa vyombo barabarani.

Siri ya rangi ya dhahabu ni moto wa tatu. Mfinyanzi huchoma chombo mara ya kwanza ili kiwe kigumu, mara ya pili ili kishike rangi nyeupe ya kung'aa yenye bati, kisha hukichora kwa mchanganyiko wenye shaba na fedha. Mara ya tatu hukirudisha jokoni kwa moto mdogo wenye moshi mzito, usio na hewa ya kutosha. Moshi ule huinyang'anya oksijeni ile michoro, na juu ya chombo hubaki utando mwembamba wa madini yanayometa kama dhahabu, ingawa hamna dhahabu hata punje. Ufundi huu ulistawi Iraki katika karne ya 9, ukapita Misri, ukafika Málaga, kisha hapa. Karne ya 15 matajiri wa Florence na Naples waliagiza sahani za Manises zikiwa zimechorwa nembo za koo zao. Mwaka 1609 mfalme wa Hispania alipoamuru kufukuzwa kwa wazawa wa Waislamu waliobatizwa, akianzia na Valencia, mji ulipoteza mikono mingi iliyoujua moto huo. Haukuacha kufinyanga.

Nilisimama mbele ya bakuli moja la samawati na dhahabu, na mawazo yakanipeleka Kunduchi. Kule kwetu, kaskazini mwa Dar es Salaam, mababu walipachika bakuli za kaure ya China katika nguzo za makaburi. Magofu ya pwani, kutoka Kilwa hadi Gedi, yamejaa vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba, Uajemi na Uchina. Watu wa pwani mbili zisizojuana waliamini jambo moja: kwamba chombo kizuri cha kulia kina heshima ya kutosha kuvishwa ukuta. Katika karakana ndogo karibu na makumbusho nilinunua kikombe kisicho na sikio, cha bei ninayoiweza. Mama aliyenifungia alikizungushia magazeti mara tatu.

Jumapili

Asubuhi ya mbio, hoteli ilifungua chumba cha chai saa 11 alfajiri, saa mbili kabla ya kawaida, kwa sababu zaidi ya nusu ya wageni walikuwa wakimbiaji. Hapo niliona kwa nini vyumba hivi vinahitajika. Walikuwapo Waitaliano wenye mvi, Wafaransa wawili, mume na mke, kundi la wasichana wa Kipoland, na dada mmoja Mkenya anayefanya kazi ya uuguzi Ujerumani. Hakuna aliyekuwa analipwa kukimbia. Walikuwa wametoa akiba zao, wakanunua tiketi ya ndege ya bei ya chini, wakachukua kitanda cha bei ya chini, ili wakimbie kilomita 42 na mita 195 katika mji wasioujua.

"Wewe ni wa wapi?" dada yule aliniuliza kwa Kiswahili alipoiona bendera ndogo mkononi mwangu.

"Tanzania, dada."

"Basi karibu. Leo tutashangilia pamoja, lakini mbele mtatuona sisi."

"Tutaona. Na wewe mbona hukulala mjini, karibu na mbio?"

Akainua mguu, akanionyesha viatu. "Pesa yangu yote iko hapa. Kitanda ni kitanda."

Tulipanda treni pamoja kituo cha Manises. Njia mbili za metro, namba 3 na 5, hutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya jiji, na mwendo wake hauzidi nusu saa. Behewa zima lilinuka dawa ya kuchua misuli. Dada akaenda zake kuanza, mimi nikatafuta mahali karibu na mwisho, pale ambapo wakimbiaji humalizia juu ya jukwaa la samawati lililojengwa juu ya maji, katikati ya majengo meupe ya msanifu Santiago Calatrava.

Kelvin Kiptum wa Kenya alitokea peke yake. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani, na alikuwa amekimbia nusu ya pili kwa kasi kuliko nusu ya kwanza. Alimaliza kwa saa 2:01:53, mtu wa tatu katika historia kwenda chini ya saa mbili na dakika mbili. Watu walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa chuma nikihesabu sekunde. Zilipita 67, na Mtanzania akaingia kwenye jukwaa la samawati. Saa 2:03:00, rekodi mpya ya taifa, nafasi ya pili. Nilikumbuka jinsi wazee wanavyosimulia ushindi wa Mtanzania Juma Ikangaa katika marathoni ya New York mwaka 1989, walivyousikia redioni. Mimi huu niliuona kwa macho. Nililia, na Mhispania aliyekuwa kando yangu, asiyejua ninachokililia, alinishika bega.

Dada yule alimaliza mchana, amechoka na anang'aa. Jioni nilimkuta kwenye ngazi za hoteli akishuka kinyumenyume, kama wanavyoshuka wote waliokimbia marathoni.

Mikono inayotandika

Ipo hesabu moja ambayo mgeni wa bei nafuu anapaswa kuijua. Bei hushuka kwa kuondoa vitu, lakini kitanda lazima kitandikwe, na anayekitandika ni binadamu. Hispania wanawake wanaosafisha vyumba wamejiunga katika chama wanachokiita Las Kellys, jina lililotokana na maneno ya Kihispania yenye maana ya wale wanaosafisha. Katika muongo uliopita walijitokeza mitaani na mbele ya wabunge kueleza kuhusu kazi zilizotolewa kwa wakandarasi, malipo madogo, idadi kubwa ya vyumba kwa zamu moja, na migongo na mikono inayoharibika kwa kunyanyua magodoro. Walinifanya nikitazame chumba changu upya. Unyoofu wa shuka niliousifia usiku wa kwanza ulikuwa na mwenyewe.

Jumatatu alfajiri, kabla ya kuondoka, nilikusanya taulo mahali pamoja, nikavua foronya, nikatoa taka zangu, nikaacha sarafu mezani pamoja na karatasi yenye neno gracias. Mgeni anayeyajua hayo hapungukiwi kitu. Na mwenye gesti wa kwetu anayetaka kuiga uhakika wa Wazungu, aanzie hapohapo: amlipe vizuri anayefua shuka, maji na kitasa vitafuata.

Tangu wakati ule, habari za Valencia nikizisikia huwa nasimama. Tarehe 11 Februari 2024, akiwa ameshaweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago, Kiptum alikufa kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika jimbo la Valencia, wengi katika miji midogo ya kandokando ya jiji, ile ile ambayo msafiri huipita akiwa dirishani. Niliwaza juu ya mzee wa matairi, mama wa kikombe na kijana wa mapokezi. Karibu wiki tano baadaye, tarehe 1 Desemba, marathoni ilikimbiwa, na Sabastian Sawe wa Kenya akashinda kwa saa 2:02:05. Kama hoteli ile ilifungua chumba cha chai saa 11 alfajiri, basi kulikuwa na watu waliokaa kwenye kiti changu, wakiwa na viatu vya bei kubwa na kitanda cha bei ndogo.

Siku yangu ya kuondoka nilitoka saa 10 na nusu alfajiri. Kijana wa mapokezi wa usiku wa kwanza ndiye aliyekuwa zamu. Alipokea kadi, akanipa mkono, na safari hii nilikuwa na jibu. "Hasta," nilimwambia, nikaishia hapo, kwa kuwa sikujua nimwambie hata lini.

Nje palikuwa na giza na baridi. Nilipita yale malori, nikapita karakana, nikazunguka kipilefti. Sanduku lilinifuata kimya, kikombe cha Manises kikiwa katikati ya nguo, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ambazo usiku wa kwanza gurudumu lilikuwa limezifunika: dereva aliyekuwa anakohoa ndani ya lori lake, mlango wa mgahawa ukiinuliwa, na vikombe vya kwanza vikipangwa juu ya kaunta.